Mama ana miaka 62 na kila mwezi yuko barabarani na bango: nimzuie?

SWALI

Assalaamu alaikum, mama. Mimi ni kifungua mimba katika watoto wanne, naishi Mombasa na mume wangu. Miaka mitatu iliyopita mdogo wangu alichukuliwa na watu waliokuja na gari lisilo na nambari, akitoka msikitini baada ya swala ya isha. Tulizunguka vituo vya polisi, hospitali na vyumba vya maiti, na hakuna aliyekubali kuwa yuko naye. Mama alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu wa nyumba yake na chama chake cha akina mama, hata kura alikuwa akienda kupiga kwa kusukumwa. Sasa yumo katika kikundi cha wazazi waliopotelewa na vijana wao. Anaandamana, anahojiwa redioni, na picha ya ndugu yangu ameitia plastiki anaivaa shingoni. Kila mwisho wa mwezi anatia krediti kwenye laini yake ya simu, na simu yenyewe haipatikani tangu usiku ule. Baba hasemi kitu, anashinda barazani. Wajomba wanasema mama atatuletea balaa. Wifi yangu, mke wa huyo ndugu yangu, anakaa na mama na ana watoto wawili wadogo. Juzi alisema anataka kwenda kwa Kadhi ajue hali ya ndoa yake, mama akamwita msaliti, na tangu hapo hawasemezani. Mama ana presha. Tarehe 30 Agosti wana maandamano tena na ameniambia niende naye. Je, hii ni huzuni au ni maradhi? Nimzuie? Na mimi niende?

JIBU

Waalaikumu salaam, mwanangu. Mawili ya mwanzo nitayajibu hapa hapa. Uliyoyaeleza si maradhi, ingawa ndani yake yapo ya kutazamwa kwa jicho kali, na presha ni mojawapo. Na usimzuie. La tarehe 30 nitalifikia mwishoni, maana hilo linakuhusu wewe zaidi kuliko mama yako.

Kwetu pwani mtu akifa, maiti hajaoshwa bado na mikeka imeshatandikwa. Turubai linafungwa nje kwa wanaume, jikoni wanaingia majirani bila kualikwa, huyu anashika birika la chai, yule anaulizia sanda imefika wapi. Mfiwa haagizwi chochote. Anakaa, analia, watu wanamkumbusha vituko vya marehemu wake mpaka anacheka bila kutaka, na siku zikitimia tanga linaanuliwa, naye anajua kuwa sasa ni kuinuka. Ndugu yako alipochukuliwa, nani alitandika mkeka kwenu? Hapakuwa na maiti wala janaza, kwa hivyo hapakuwa na matanga. Na kwa kuwa vijana wanaochukuliwa namna ile huwa wameshabandikwa jina la ugaidi mtaani kabla korti yoyote haijasema neno, sitashangaa nikisikia wako majirani waliobadilisha njia wasipite mlangoni kwenu. Hukuliandika hilo. Lakini katika familia ninazokaa nazo, mara nyingi ndilo la kwanza kutajwa, hata kabla ya jina la mtoto: hakuna aliyekuja.

Kikundi kile ndicho tanga ambalo mama yako hakulipata. Pale amewakuta wanawake wasiomwuliza mwanawe alikuwa akifuatana na nani. Wanamwuliza alivaa nini usiku ule, maana kila mmoja wao anakumbuka nguo ya mwisho ya mwanawe hadi vifungo. Wewe unaona mabango na fulana, na hayo yapo, lakini siku nyingine ukimpeleka mkutanoni kaa mlangoni usikilize. Sehemu kubwa ya mkutano ni watu kuulizana hali. Ukimwambia mama yako atoke katika kikundi, unamwambia atoke matangani, na matanga mengine huna ya kumpa.

Ama kuhusu huzuni na maradhi. Yuko mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, aliyeanza miaka ya 1970 kuzichunguza familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam. Alichokiona ni kwamba msiba usio na hakika una tabia zake, tofauti na msiba wa kifo. Anayezika huumia, kisha polepole maisha hujipanga upya kumzunguka yule asiyekuwepo. Asiyejua mtu wake yuko hai au amekufa hukwama, na hakwami kwa udhaifu wa imani wala wa akili. Anakwama kwa sababu kila upande anaouelekea ni kosa. Akimlilia kama maiti, huenda anamzika mtu aliye hai. Akingoja, huenda anangoja kaburi. Hata wanaopima maradhi ya akili hupata taabu hapa. Orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022 inataja huzuni iliyopitiliza kuanzia miezi 6 baada ya kifo, na mama yako hana tarehe ya kifo ya kuhesabia. Kwa hivyo akija mtu akakwambia miaka mitatu ni mingi, mama angekuwa ameshapoa, mwambie saa ya mama haijaanza kuhesabu.

Krediti ya simu isikutishe. Anajua simu imezimwa. Anachofanya ni kuhakikisha kuwa siku mlango ukifunguliwa haitakuwa yeye aliyeufunga. Ningekuwa na wasiwasi kama angekwambia kuwa anampigia na wanazungumza. Nina wasiwasi pia na mama anayeacha kula, anayeacha dawa zake kwa makusudi, asiyelala wiki baada ya wiki, asiyeingia tena chumba fulani cha nyumba, au anayesema maneno ya kuchoka kuishi. Ukiona lolote katika hayo usisubiri kikundi wala ukoo, mpeleke hospitali na useme wazi unachokiona. Mama anayetoka nyumbani saa mbili asubuhi na bango, akarudi jioni amechoka na ana mambo ya kusimulia, huyo kwangu hali yake ni nafuu kuliko baba anayeshinda barazani kimya. Nitamrudia baba.

Kinachokushangaza wewe, kwamba mtu wa chekechea amegeuka mtu wa siasa uzeeni, si kioja. Tazama tarehe 28 Februari 1992. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee wa mashambani ambao siasa zao zilikuwa shamba na kanisa, waliingia Uhuru Park jijini Nairobi wakagoma kula, wakidai wana wao waachiliwe. Miongoni mwao alikuwa Monica Wangu Wamwere, mamake Koigi wa Wamwere, mmoja wa wafungwa hao, na Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na vitoa machozi, Maathai akapigwa hadi akazirai, na baadhi ya wale kina mama wakavua nguo zao mbele ya askari, laana ambayo kila askari aliyelelewa na mama aliielewa. Wakahamia kanisa kuu la All Saints na kukaa huko karibu mwaka mzima. Kufikia mwanzo wa 1993 wafungwa waliokuwa wakidaiwa walikuwa wameachiliwa karibu wote.

Miaka 15 kabla yao, tarehe 30 Aprili 1977, wanawake 14 walikutana katika uwanja wa Plaza de Mayo, Buenos Aires, mbele ya ikulu ya majenerali wa Argentina, kuulizia watoto waliochukuliwa usiku na watu wasiojitambulisha. Hali ya hatari ilikataza mikusanyiko, polisi wakawaambia wasisimame, watembee. Basi wakatembea, wawili wawili, kuuzunguka mnara ulio katikati ya uwanja, na mizunguko hiyo ya kila Alhamisi ikaendelea kwa miongo. Aliyewaita, Azucena Villaflor, alikuwa mama wa nyumbani wa miaka 53. Kilemba cheupe walichojulikana nacho dunia nzima kilianza kwa nepi za kitambaa walizokuwa wamewafunga watoto wao.

Mwanamke wa umri huo ana vitu ambavyo kijana hana. Watoto ameshawalea, kazi ameshastaafu, hakuna bosi wa kumtisha. Askari wa miaka 25 anaona tabu kumwinulia rungu mtu anayefanana na bibi yake. Na mama yako amekaa miaka akiwafundisha watoto wa watu kuimba alfabeti, kwa hiyo kusimama mbele ya watu na kurudia jambo lile lile kwa subira hadi liingie si kazi ngeni kwake.

Ila nisikuuzie matumaini. Akina mama wa 1992 walijua wana wao wako gereza gani na kwa kesi gani. Ndugu yako hakuna aliyekiri kumshika. Ushindi wao haukuahidi chochote kwa mama yako, na ukimsikia mtu kikundini akimwahidi kuwa maandamano mawili zaidi yatamrudisha, huyo mtu mwogope. Wala wajomba zako si wajinga. Azucena Villaflor mwenyewe alichukuliwa mwezi Desemba 1977, na mifupa yake ilitambuliwa mwaka 2005. Hofu ya wajomba ina msingi. Kosa lao ni kudhani kwamba dawa ya hofu ni kumnyamazisha mama, wakati wangeweza kukaa naye wakapanga usalama wake.

Basi upangeni, na upangeni mezani, yeye akiwepo. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya utulivu wa umma inataka waandaaji wapeleke ilani kituo cha polisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Ilani ni taarifa, si ombi la ruhusa, lakini ulizeni kama imepelekwa na nakala iliyogongwa muhuri iko kwa nani. Maandamano ambayo waandaaji hawajui ilani iko wapi, mama abaki nyumbani siku hiyo, na hilo mwambieni mapema. Avae viatu vya kufunga, si ndara. Kitambulisho, chupa ya maji, na dawa za presha za siku tatu zikiwa ndani ya paketi yake yenye jina la dawa, kwa sababu akikamatwa Ijumaa jioni anaweza kulala ndani hadi Jumatatu. Katiba, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, ila muda huo ukiishia nje ya saa za korti au siku isiyo ya korti, hungoja siku ya korti inayofuata. Nambari ya wakili wa kikundi aikariri kichwani au aiandike mkononi kwa kalamu, simu huwa ya kwanza kuchukuliwa. Awe na mwenzake mmoja wa kutembea naye bega kwa bega, na nyumbani awepo mtu mmoja aliyekaa na simu, asiyekwenda popote hadi mama arudi. Kazi hiyo inamfaa mjomba anayepiga kelele zaidi kuliko wote. Kabla ya yote hayo mpeleke kliniki apimwe, na aulizwe daktari kuhusu kusimama juani saa nyingi na dawa anazomeza, kwa sababu zipo dawa za presha zinazomtoa mtu maji mwilini.

Sasa wifi yako. Hapa ndipo nyumba yenu itavunjika au itapona, na nimeona ulilipitia haraka haraka kana kwamba ni ugomvi wa jikoni.

Wale akina mama wa Buenos Aires waligawanyika mwaka 1986. Miongoni mwa sababu ilikuwa makaburi. Serikali ya kiraia ilikuwa imeingia, mifupa ikaanza kufukuliwa na kutambuliwa, na fidia ikawa inazungumzwa. Upande mmoja, ukiongozwa na Hebe de Bonafini, ulikataa kufukua na kukataa fidia: waliwachukua wakiwa hai, na wawarudishe hai, na anayepokea mifupa anakubali kuifunga kesi. Upande wa pili ulitaka mifupa izikwe na ukweli uandikwe jina kwa jina, huku mapambano yakiendelea. Wote walikuwa akina mama, wote walipotelewa, wote walikuwa wamezunguka mnara ule ule kwa miaka tisa. Mimi sijawahi kuona kwamba upande mmoja uliwapenda watoto wao zaidi ya mwingine.

Mama yako na mkaza mwanawe wamo katika mgawanyiko ule ule, ndani ya nyumba moja yenye jiko moja. Mama anangoja mtoto, na mtoto hangojewi kwa miaka, hungojewa hadi mwisho wa umri. Wifi yako anangoja mume, na yeye ni msichana mwenye watoto wawili, hana mume wala si mjane, hakukaa eda, hawezi kuposwa, na hata fomu ya shule ya mtoto inapouliza hali ya baba hajui aandike nini. Anachotaka si kumzika ndugu yako. Anataka kujua amesimama wapi.

Nadhani kinachomkasirisha mama yako ni kuamini kwamba kwenda kwa Kadhi ni kutangaza kifo. Mtoeni wasiwasi huo kwa kumpeleka kwa mtu mwenye elimu amweleze. Suala la ndoa na suala la kifo si lazima yaende pamoja. Mke aliyekosa matunzo na kukosa mume ana mlango wa kuomba faskhi, yaani Kadhi aivunje ndoa, na Kadhi akiivunja ndoa kwa sababu hiyo hajasema kwamba mume amekufa. Kuna pia njia ya mume aliyepotea habari zake, na hapo maulamaa wana kauli mbalimbali, mojawapo mashuhuri ni kungoja miaka minne kisha eda, inayonasibishwa na Sayyidna Umar. Ipi inamfaa wifi yako ni Kadhi wa kusema, si mimi wala jirani mwenye simu. Ama mirathi, hiyo ndiyo inayohitaji kifo, na katika sheria ya ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, mtu asiyesikika kwa miaka 7 na wale ambao wangepaswa kumsikia anaweza kuchukuliwa kuwa amekufa, na hata hapo akitokea ushahidi kwamba yu hai dhana hiyo huanguka. Hamjafika huko, na sioni haja ya kulitaja jambo hilo mbele ya mama sasa.

Na kesi ya kumtafuta haifi kwa sababu mke ameachika. Azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 1992 kuhusu watu waliopotezwa kwa nguvu linalihesabu tendo hili kuwa kosa linaloendelea maadamu waliolitenda wanaficha mtu aliko. Baadaye ukaja mkataba wa kimataifa juu ya jambo hilo hilo, Kenya ikautia saini mwaka 2007, na madai ya kutaka uridhiwe utayasikia katika kila maandamano ya mama yako. Haki ya kuomba korti iamuru aliyeshikwa aletwe mbele yake, ombi ambalo mawakili huliita habeas corpus, ni miongoni mwa haki chache ambazo kifungu cha 25 cha Katiba kinasema haziwezi kupunguzwa. Hakuna kati ya haya kinachotegemea kama wifi yako bado ni mke. Mwambie mama maneno hayo taratibu, siku ambayo hajatoka mkutanoni, na usimwambie mbele ya wifi.

Neno msaliti lazima lirudishwe, na mwenye kulirudisha ni mama. Usimwombe wifi avumilie, ameshavumilia miaka mitatu. Tafuta mwanamke mmoja katika kile kikundi ambaye naye ana mkaza mwana nyumbani. Wapo. Akimwambia yeye, mama atasikia, kuliko akiambiwa na wewe uliyezaliwa na yeye.

Wajukuu hukuwataja ila kwa idadi, nami nitauliza: wameambiwa baba yao yuko wapi? Kama wameambiwa amesafiri, basi wanangoja zawadi. Siku mtoto wa mtaani atakapowaambia vingine, na atawaambia, watajua kwamba nyumbani wanadanganywa, na hawatauliza tena. Mtoto wa miaka mitano anaweza kubeba maneno haya: baba alichukuliwa na watu, hatujui aliko, si kwa kosa lako, na bibi anamtafuta. Msimwahidi kurudi na msimwambie amekufa. Akiuliza mara kumi mjibuni mara kumi kwa maneno yale yale. Kwenye maandamano wasipelekwe, hata wakilia, na picha zao zisiwekwe mtandaoni na mtu yeyote wa kikundi.

Na baba. Wataalamu wawili wa Uholanzi, Stroebe na Schut, waliandika mwaka 1999 kwamba mfiwa mzima huenda na kurudi: leo anaingia ndani ya msiba wake, kesho anatoka kushughulikia maisha, na kwenda na kurudi huko ndiko kupona. Katika nyumba kama yenu kila mtu ameshika ncha yake akaing'ang'ania. Mama ameshika kutafuta, wifi ameshika kesho, baba ameshika kimya, na kila mmoja anamwona mwenzake hana uchungu. Baba yako msimlazimishe azungumze. Mpeni faili. Nasema kweli, nunueni lile faili gumu la kadi, mumkabidhi kila karatasi: nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, ya siku mlipotoa ripoti, jina la kituo na zamu iliyoandika, nakala ya barua zilizokwenda kwa mamlaka ya kuchunguza polisi, IPOA, na majibu yake, tarehe za kila hospitali mliyoizunguka, nguo alizovaa, alama za mwilini, meno yaliyozibwa. Mambo hayo yanasahaulika, na karatasi za mama hivi sasa nadhani ziko ndani ya mkoba wake zimekunjwa mara nne. Mzee wa barazani aliyepewa faili hupata sababu ya kuinuka, kutafuta mashine ya nakala, kuuliza tarehe. Siku moja mtamsikia anamsahihisha mama: haikuwa Jumatano, ilikuwa Jumanne. Hapo ndipo atakapokuwa ameanza kuzungumza.

Jambo moja kikundi hakiwezi kulifanya, na linaweza kufanyika kwenu tu. Barabarani ndugu yako ni kesi. Ana nambari, ana picha moja ile ile, ana sentensi tatu ambazo mama amezirudia redioni hadi zimelainika. Ikiendelea hivyo, itafika mahali mama mwenyewe atakuwa anamkumbuka kwa picha ile iliyotiwa plastiki. Nyumbani arudi kuwa mtoto mchokozi aliyekuwa akila ukoko wa wali kabla wageni hawajapakuliwa, au vyovyote alivyokuwa, mimi simjui. Wekeni jioni moja, baada ya isha, bila redio wala mgeni wa shirika. Someni Yasini na dua ya kuomba Mungu awajalie habari zake, msiite khitma kama neno hilo linamchoma mama. Kisha kila mtu aseme kituko kimoja chake. Wifi aanze, kwa sababu yeye anavyo ambavyo mama hajawahi kuvisikia. Msitaje polisi, mahakama wala Kadhi usiku huo. Mama akianza hotuba, na ataanza, mrudisheni kwa kumwuliza swali dogo: alitembea akiwa na miezi mingapi?

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mstari mmoja unaosema wewe unamkumbuka, sikuuona. Umeandika presha ya mama, kimya cha baba, ndoa ya wifi, maneno ya wajomba. Wewe ni kifungua mimba, umezoea kuwa wa kubeba. Lakini aliyechukuliwa ni mdogo wako, huenda wewe ndiye uliyembeba mgongoni, na miaka hii mitatu umempoteza mama vile vile, maana aliyekuwa akikuuliza umekula nini sasa anakuuliza umesambaza bango lake. Kuna hasira pale, mwanangu, na ni haki yako. Nadhani sehemu ya swali lako la kumzuia inatoka hapo. Zungumza na mumeo, au mshauri, au shoga yako wa zamani, lakini usiimalizie hasira hiyo kwenye kikundi.

Tarehe 30 Agosti ni siku ya kimataifa ya watu waliopotezwa kwa nguvu, ndiyo maana wameichagua. Ukitaka kwenda, nenda mara hii moja bila kuahidi ya pili, na mwambie mama hivyo kabla. Usibebe bango kama mkono wako haujalikubali, beba maji na dawa zake, utembee upande wake wa kushoto, na umtazame akiwa kazini, kwa sababu mtu huyo hujawahi kumwona. Kukiwa na vitoa machozi msikimbie na umati, ingieni barabara ya pembeni upande upepo unakotoka, mwoshe macho kwa maji safi, asiyasugue. Na kama hutaki kwenda, au mumeo kazini kwake ni mahali ambapo jina lako kuonekana litamgharimu, mwambie mama hutakwenda, umpe sababu ya kweli, kisha uwe wewe siku hiyo unayekaa na simu.